Mikanda Ile Ile, Historia Mbili: Namna ya Kuzisoma Filamu za Hali Halisi Kuhusu Wanamuziki wa Roki

1. Utangulizi

Mnamo mwezi wa Januari 1969, wanamuziki wanne wa Uingereza waliojulikana ulimwenguni kote kwa jina la Beatles walikubali kupigwa picha za sinema kwa muda wa karibu mwezi mzima wakiwa kazini. Kutokana na mikanda iliyojazwa siku hizo, zimetengenezwa filamu mbili. Ya kwanza, «Let It Be», iliyoongozwa na Michael Lindsay-Hogg, ilitoka mwaka 1970. Ya pili, «The Beatles: Get Back», iliyoongozwa na Peter Jackson, ilitoka mwaka 2021, yaani miaka 51 baadaye. Wengi walioiona ya kwanza walisema kwamba wameshuhudia kundi linalovunjika. Wengi walioiona ya pili walisema kwamba wameshuhudia marafiki wanaocheka, wanaotaniana na kutunga nyimbo. Lakini watu ni wale wale, vyumba ni vile vile, na siku ni zile zile.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana. Tutaanza kwa kuonyesha namna filamu za aina hii zilivyozaliwa. Kisha tutazilinganisha filamu hizo mbili. Baadaye tutatazama mifano mingine miwili, mmoja kutoka California na mmoja kutoka Kinshasa. Na mwishoni tutapendekeza maswali ambayo msomaji anaweza kuyatumia kila anapotazama filamu kama hizo.

Huenda msomaji akauliza: mambo hayo yanahusianaje na masomo ya Kiswahili? Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu hutegemea ushahidi wa sauti za watu. Tunakwenda kwa wazee, kwa waimbaji, kwa wasimulizi wa hadithi. Tunanasa maneno yao katika mashine. Kisha tunakaa chini, tunachagua, tunakata, tunapanga na kuchapisha. Mtengenezaji wa filamu ya hali halisi hufanya kazi iyo hiyo. Kwa kumtazama yeye tunaweza kujiona wenyewe.

2. Vyombo vipya na imani mpya

Filamu ya hali halisi ni ile isiyotumia waigizaji wala hadithi ya kubuni, bali huonyesha watu halisi katika mambo yao wenyewe. Filamu hizo ni za zamani karibu kama sinema yenyewe. Hata hivyo, kwa miaka mingi haikuwezekana kumfuata mtu popote aendapo na kunasa picha yake pamoja na sauti yake kwa wakati mmoja. Kamera zilizoweza kwenda sambamba na sauti zilikuwa nzito, nazo mashine za kunasa sauti zilihitaji gari zima. Ndiyo maana filamu nyingi za wakati huo zilikuwa na picha zisizosema, na juu yake sauti ya msimulizi mmoja aliyeeleza kila kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kamera nyepesi za mkanda wa milimita 16 ziliweza kubebwa begani. Kule Uswisi, Stefan Kudelski, mzaliwa wa Poland, alitengeneza mashine ndogo ya kunasa sauti iliyoitwa Nagra, jina ambalo katika lugha ya Kipolandi lina maana ya «itanasa». Mpiga picha mmoja na mnasa sauti mmoja sasa waliweza kuingia popote. Nchini Marekani, Robert Drew na wenzake, ambao miongoni mwao walikuwamo Richard Leacock, D. A. Pennebaker na Albert Maysles, walitoa «Primary» mwaka 1960, filamu iliyowafuata wanasiasa wawili katika kampeni ya uchaguzi. Nchini Ufaransa, Jean Rouch, ambaye alikuwa amekwisha kufanya kazi kwa miaka mingi Afrika ya Magharibi, alitoa pamoja na Edgar Morin «Chronique d'un été» mwaka 1961. Mtindo wao uliitwa «cinéma-vérité», yaani sinema ya ukweli.

Muziki wa roki, uliozaliwa Marekani katika miaka ya 1950 kutokana na muziki wa Weusi na ule wa Wazungu wa mashambani, ulikuwa katika ujana wake wakati vyombo hivyo vilipopatikana. Wanamuziki wake walikuwa wakisafiri bila kupumzika, wakiandamwa na umati wa vijana. Mwaka 1965 Pennebaker alimfuata Bob Dylan katika safari yake ya Uingereza. Filamu iliyotokana na safari hiyo, «Dont Look Back», ilitoka mwaka 1967. Mwaka 1968 yeye yule alitoa «Monterey Pop», juu ya tamasha lililofanyika California mwaka uliotangulia. Mwaka 1970 Michael Wadleigh alitoa «Woodstock», filamu ya saa tatu hivi juu ya tamasha kubwa la Agosti 1969, ambayo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi.

Filamu nyingi za mkondo huu zilimwondoa msimulizi. Hakuna sauti inayomwambia mtazamaji nini cha kufikiri. Mtazamaji huona mlango ukifunguliwa, mwanamuziki akiwasha sigara, akigombana na mwandishi wa habari, akiimba. Wahenga walisema: mwenye macho haambiwi tazama. Basi mtazamaji huondoka akiamini kwamba hakuambiwa chochote, bali amejionea mwenyewe. Imani hiyo ndiyo nguvu ya filamu hizi, na ndiyo hatari yake. Kwani mtazamaji kwa kweli ameambiwa tazama mara elfu: kila pale kamera ilipoelekezwa upande mmoja ikauacha mwingine, na kila pale mkanda ulipokatwa.

3. Yaliyotokea Januari 1969

Kabla ya kulinganisha filamu mbili za Beatles, yafaa kueleza kwa ufupi yaliyotokea. Tarehe 2 Januari 1969 John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr walikutana katika studio za sinema za Twickenham, London. Nia yao ilikuwa kutunga nyimbo mpya, kuzifanyia mazoezi, na kuziimba mbele ya watu katika kipindi cha televisheni. Haikuwa imeamuliwa onyesho lifanyike wapi. Mojawapo ya mapendekezo lilikuwa kwenda Libya, katika magofu ya ukumbi wa Kirumi wa Sabratha.

Jengo la Twickenham lilikuwa kubwa na lenye baridi, na kazi ilianza asubuhi, jambo ambalo wanamuziki hao hawakulizoea. Tarehe 10 Januari Harrison aliondoka akitangaza kwamba ameliacha kundi. Baada ya mikutano miwili alikubali kurudi, kwa masharti kwamba mpango wa onyesho la televisheni uachwe, na kwamba kazi ihamishiwe katika studio yao wenyewe, chini ya ofisi ya kampuni yao ya Apple, nambari 3 ya mtaa wa Savile Row. Huko walianza tarehe 21 Januari. Siku iliyofuata alifika Billy Preston, mpiga kinanda kutoka Marekani, na kuwapo kwake kulituliza mambo. Tarehe 30 Januari, wakati wa mchana, walipanda juu ya paa la jengo hilo pamoja na Preston, wakapiga muziki kwa muda wa dakika 42 hivi mpaka askari polisi walipokuja kutaka kelele zipunguzwe. Hilo lilikuwa onyesho lao la mwisho mbele ya watu. Kesho yake walimaliza kazi.

Kwa siku hizo zote Lindsay-Hogg na watu wake walikuwa wakinasa. Mikanda ya picha ilifikia karibu saa 60, na ya sauti zaidi ya saa 150, kwa kuwa mashine za Nagra ziliendelea kuzunguka hata kamera zilipokuwa zimezimwa.

4. Filamu ya mwaka 1970

«Let It Be» ina urefu wa dakika 80 hivi. Kwa hesabu ya jumla, katika kila dakika 100 za mikanda ya picha, dakika 2 tu ndizo zilizoingia katika filamu. Hakuna msimulizi, hakuna tarehe, wala hakuna jina la mtu linaloandikwa chini ya picha. Mtazamaji haelezwi kwa nini watu hawa wako katika jengo tupu, wala kwa nini baadaye wanaonekana katika chumba kingine, wala yule mpiga kinanda ametoka wapi. Kuna mahali Harrison na McCartney wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu namna ya kupiga gitaa. Dakika hizo chache zilikumbukwa na watazamaji kuliko nyimbo nyingi.

Lakini wakati wa kutolewa kwake ulikuwa na uzito kuliko yaliyomo. Filamu ilitoka mwezi wa Mei 1970. Mwezi mmoja kabla, tarehe 10 Aprili, magazeti yalikuwa yametangaza kwamba McCartney ameachana na wenzake. Watu waliingia katika majumba ya sinema kama waendao matangani. Kila uso usiotabasamu ulikuwa dalili ya ugonjwa, na kila kimya kilikuwa ugomvi. Hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyehudhuria uzinduzi. Walisahau, au hawakujua, kwamba picha hizo zilipigwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, na kwamba baada yake wanamuziki hao walirudi studio wakatengeneza albamu nzima ya «Abbey Road», iliyotoka Septemba 1969. Mwongozaji mwenyewe amelalamika kwamba filamu yake ilihukumiwa kwa kifo ambacho haikukisababisha.

Baadaye filamu hiyo ilitoweka. Ilipatikana kwa muda katika kanda za video mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha haikutolewa tena rasmi kwa miongo mingi, mpaka iliposafishwa na kuonyeshwa upya Mei 2024. Katika muda huo wote, wengi waliizungumzia kwa kusikia tu, na sifa yake ya huzuni ikazidi kukua kutoka mdomo hadi mdomo.

5. Filamu ya mwaka 2021

Peter Jackson, mwongozaji wa New Zealand, alifunguliwa ghala la mikanda yote. Filamu yake ilitoka Novemba 2021 katika mtandao wa Disney+, ikiwa na sehemu tatu na urefu wa karibu saa 8. Jackson aliacha mpangilio huru wa Lindsay-Hogg, akafuata kalenda: kila siku inatajwa kwa tarehe yake, na mtazamaji anajua siku ngapi zimebaki. Majina yanaandikwa. Nyimbo zinaonekana zikizaliwa: mtu anagonga nyuzi za gitaa bila kujua aendako, mwingine anapiga miayo, na baada ya dakika chache wimbo ambao dunia nzima itaujua unaanza kusikika.

Chombo kipya kilisaidia pia. Katika mikanda ya mwaka 1969 sauti zote zilikuwa zimenaswa pamoja katika mfereji mmoja, na mara nyingine wanamuziki walipiga magitaa makusudi ili mazungumzo yao yasisikike. Kundi la Jackson lilitumia programu ya kompyuta iliyofundishwa kutambua sauti ya kila chombo na ya kila mtu, ikatenganisha maneno na kelele. Hivyo mazungumzo yaliyofichwa kwa nusu karne yalisikika.

Tukumbuke hata hivyo kwamba filamu hii nayo ni matokeo ya kuchagua. Saa 8 zilizotokana na saa 60 ni kama dakika 13 katika kila 100. Tena, palipokuwa na sauti bila picha, wahariri walitumia picha za wakati mwingine, kwa hiyo yapo maneno tunayoyasikia huku tukitazama uso ambao haukuwa ukiyasema wakati ule.

6. Ipi ni ya kweli?

Ni rahisi kusema kwamba filamu ya kwanza ilidanganya na ya pili imesahihisha. Wengi wamesema hivyo. Sisi hatukubali, na sababu yetu ni hii: tukio la huzuni kuliko yote ya mwezi ule lilikuwa kuondoka kwa Harrison. Katika «Let It Be» tukio hilo halimo kabisa. Katika «Get Back» limo, pamoja na siku za wasiwasi zilizofuata. Kwa hiyo filamu inayosemwa kuwa ya huzuni ndiyo iliyolificha jambo zito, na filamu inayosemwa kuwa ya furaha ndiyo iliyolifichua.

Fumbo hilo linatufundisha kwamba hisia anayoondoka nayo mtazamaji haitokani na matukio peke yake, bali hutokana na mambo yasiyopungua manne.

Kwanza, urefu. Ugomvi wa dakika mbili ndani ya dakika 80 ni jambo kubwa. Ugomvi ule ule ndani ya saa 8, ukifuatwa na chai, mzaha na wimbo mpya, unakuwa jambo la kawaida miongoni mwa watu wafanyao kazi pamoja.

Pili, mpangilio. Tukio lililotajwa tarehe yake lina sababu na matokeo. Tukio lisilo na tarehe huelea, na mtazamaji hulifunga popote apendapo.

Tatu, wakati wa kupokea. Mtazamaji wa 1970 alikuwa na hasira na msiba. Mtazamaji wa 2021 alijua kwamba Lennon aliuawa mwaka 1980 na kwamba Harrison alifariki mwaka 2001. Kuwaona wakiwa vijana wakicheka kulikuwa kama kurudishiwa wafu kwa jioni tatu.

Nne, mwenye mali. Filamu ya 1970 ilitayarishwa na kampuni ya Apple, yaani na Beatles wenyewe. Miongoni mwa watayarishaji wa filamu ya 2021 walikuwamo McCartney, Starr, na wajane wa wale wawili waliofariki, Yoko Ono na Olivia Harrison. Katika nyakati zote mbili walioonyeshwa ndio walioshika mfuko. Mwaka 1970 si vigumu kuelewa kwa nini kundi halikutaka kuonyesha mwenzao akitoka mlangoni. Mwaka 2021 kidonda kilikuwa kimepona, na kukionyesha hakukumdhuru mtu. Msema pweke hakosi. Hata akikiri kosa, huchagua siku ya kulikiri.

Kuna jambo jingine ambalo mtafiti hapaswi kulipita. Tarehe 13 Januari, Lennon na McCartney walijitenga katika chumba cha kulia chakula ili wazungumze peke yao juu ya kuondoka kwa Harrison. Hawakujua kwamba kipaza sauti kilikuwa kimefichwa ndani ya chungu cha maua. Mazungumzo hayo ni kati ya sehemu zenye thamani kubwa katika filamu ya Jackson. Je, ilikuwa haki kuyanasa? Je, ni haki kuyasikiliza? Kila mwanafunzi aliyewahi kuacha mashine ikizunguka baada ya mzee kusema «hayo ninayokuambia sasa usiyaandike» anajua kwamba swali hilo si la London peke yake.

7. Filamu inayojionyesha ikikatwa

Kuna watengenezaji walioona hatari hii mapema wakaiweka ndani ya filamu yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1969 ndugu wawili, Albert na David Maysles, walilifuata kundi la Rolling Stones katika ziara yao ya Marekani. Ziara hiyo ilimalizika tarehe 6 Desemba kwa onyesho la bure katika uwanja wa mbio za magari wa Altamont, California, mbele ya watu wapatao 300,000. Kazi ya kulinda jukwaa ilikabidhiwa genge la waendesha pikipiki liitwalo Hells Angels. Fujo zilianza mchana. Usiku, kundi likiwa jukwaani, kijana Mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, alichomwa kisu na mmoja wa walinzi hao akafa. Kamera ilinasa tukio hilo.

Filamu ya «Gimme Shelter», iliyotoka mwaka 1970, ingeweza kuficha kifo hicho mpaka mwisho ili kumshtua mtazamaji. Badala yake, kwa wazo la mhariri na mwongozaji mwenza, Charlotte Zwerin, tunawaona wanamuziki wenyewe wamekaa katika chumba cha uhariri wakitazama mikanda kwenye kioo kidogo. Tangu mwanzo tunajua kwamba mtu amekufa. Tunamwona Mick Jagger akiomba picha irudishwe nyuma, tunaona kisu, tunaona bastola mkononi mwa Hunter, tunaona uso wa mwimbaji asiye na la kusema. Kwa hiyo mtazamaji hawezi kusahau kwamba anachokiona ni mkanda, na kwamba kuna mkono unaousimamisha na kuurudisha.

Mkanda huo ulifika hata mahakamani. Mshtakiwa aliachiliwa huru Januari 1971 kwa hoja ya kujitetea, baada ya picha hizo kuonyeshwa kama ushahidi. Yaani picha chache zilizonaswa katika giza, na ambazo filamu inazitumia kuuliza swali la dhamiri, mahakamani zilijibu swali la sheria. Ushahidi ni ule ule. Swali lililoulizwa ndilo lililobadilika.

8. Mikanda ya Kinshasa

Tumefika mahali ambapo mambo haya yanagusa nchi yetu. Kile kilichoipata mikanda ya London kiliipata pia mikanda iliyojazwa Kinshasa, ingawa muziki uliopigwa haukuwa roki, bali ndugu zake: soul, blues, salsa na rumba yetu.

Tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, wakati nchi ikiitwa Zaire, tamasha la «Zaire 74» lilifanyika katika uwanja wa 20 Mai. Lilikuwa limepangwa na Hugh Masekela wa Afrika ya Kusini na Stewart Levine wa Marekani ili litangulie pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia juu ya jicho wakati wa mazoezi, pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini tamasha likaendelea. Walikuja James Brown, B. B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Miriam Makeba. Upande wa wenyeji walikuwamo Franco na O.K. Jazz, Tabu Ley na Afrisa, na Abeti. Leon Gast na wapiga picha wake walinasa kila kitu, wakikusudia kutengeneza filamu ya muziki.

Filamu hiyo haikutoka. Migogoro ya fedha na ya umiliki iliifungia mikanda kwa miaka mingi. Ilipotoka hatimaye mwaka 1996 kwa jina la «When We Were Kings», ilikuwa imegeuka kuwa filamu ya ndondi, na mwaka 1997 ilipata tuzo ya Oscar. Muziki ulibaki kama pambo. Miongoni mwa wanaosikika zaidi wakieleza maana ya siku zile ni waandishi wawili wa Marekani, Norman Mailer na George Plimpton, ambao mahojiano yao yalinaswa miaka mingi baadaye. Mwaka 2008 Jeffrey Levy-Hinte, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa filamu ile ya kwanza, alirudi katika mikanda ile ile akatengeneza «Soul Power», filamu ya tamasha lenyewe. Hapa muziki ulirudishiwa haki yake, lakini nafasi kubwa ni ya wageni. Wanamuziki wetu wanaonekana kwa muda mfupi. Ilibidi kungoja mwaka 2017 ndipo Masekela na Levine walipotoa albamu ya maonyesho ya wasanii wa Kiafrika wa tamasha lile. Miaka 43 ilikuwa imepita. Franco alikuwa amefariki mwaka 1989, Abeti mwaka 1994, Tabu Ley mwaka 2013.

Asiyekuwapo na lake halipo, husema Waswahili. Wanamuziki hawa walikuwapo, tena nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Ambapo hawakuwapo ni katika chumba cha uhariri.

9. Maswali ya kumsaidia msomaji

Kutokana na mifano hii tunapendekeza maswali matano ya kuiuliza filamu yoyote ya hali halisi juu ya mwanamuziki, na hata mkusanyiko wowote wa hadithi au nyimbo uliochapishwa.

(a) Nani alilipa, na nani alikuwa na haki ya kukataa? Filamu ya Pennebaker juu ya Dylan, kwa mfano, ilianza kwa mwaliko wa meneja wa mwimbaji.

(b) Kilichonaswa ni kiasi gani, na kilichoonyeshwa ni kiasi gani?

(c) Mpangilio unafuata kalenda, au unafuata hoja ya mhariri? Kama unafuata hoja, je, mtazamaji ameambiwa?

(d) Picha zilinaswa lini, zilitolewa lini, na nini kilitokea katikati?

(e) Mikanda iliyobaki iko wapi, na nani anaweza kuifikia?

Swali la mwisho ndilo tunaloliona kuwa zito kwetu. Filamu ya 1970 iliweza kujibiwa na filamu ya 2021 kwa sababu moja tu: mikanda yote ilihifadhiwa, ikiwa na tarehe, mahali panapojulikana. Kama Apple wangetunza zile dakika 80 na kutupa mengine, Beatles wangebaki milele watu wanaobishana katika jengo la baridi.

10. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba filamu ya hali halisi si kioo, wala si uongo. Ni masimulizi yaliyotengenezwa kwa ushahidi wa kweli, na mikanda ile ile inaweza kuzaa masimulizi mawili yasiyofanana bila hata moja kubuni jambo. Kwa hiyo kazi ya msomaji si kuuliza tu kama filamu inasema kweli, bali kuuliza ni kweli ipi iliyochaguliwa, na nani, na lini.

Kwa upande wa Katanga, funzo hili lina uharaka wake. Nyimbo za Kiswahili za Mwenda Jean Bosco zinasikika leo kwa sababu Hugh Tracey alimkuta Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, akamnasa. Nao mkusanyiko wa Tracey umehifadhiwa Afrika ya Kusini. Wapigaji gitaa wangapi wa wakati wake hawakunaswa na mtu? Na kanda ambazo sisi wenyewe tumezijaza katika utafiti, zilizomo masandukuni na katika kabati za ofisi, zina tarehe? Zina jina la mwimbaji? Sehemu tulizozikata wakati wa kuandika tasnifu bado zipo?

Tunawaomba walimu na wanafunzi wanaokusanya nyimbo na masimulizi wafanye mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: waandike juu ya kila kanda siku, mahali na majina ya waliosema, wahifadhi kanda nzima, si zile sehemu walizozitumia peke yake, na waweke nakala mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuisikiliza. Atakayekuja baada ya miaka 50 anaweza kuwa na swali ambalo sisi hatukuliuliza, na jibu lake linaweza kuwa katika kipande tulichokiona hakifai.